Ukakasi wa Kawia

Wifi yangu hakulia. Nalisema mapema kwa sababu watu walilisema sana, na wengine walilisema mbele yangu wakidhani nitawaunga mkono. Kaka yangu, mumewe, alianguka kwenye banda la zana akinoa mkasi wa kupogolea mizabibu. Asubuhi alikunywa chai akanitania kwamba viatu vyangu vinacheka, mchana tukaambiwa moyo umesimama. Mimi niligaagaa chini mpaka kilemba kikanivuka. Wifi alikaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akauliza kama ule mkasi umerudishwa kabatini. Shangazi yetu mmoja akaninong'oneza, "Huyu ana moyo wa jiwe." Nikamjibu kwa sauti, "Shangazi, jiwe ni hilo ulilobeba shingoni." Nilikuwa na msiba, nani angenigusa?

Tunakaa nyumba moja, mimi na yeye. Ilikuwa nyumba ya kaka, vyumba viwili na jiko, nyuma ya kiwanda cha mvinyo ambako sote tunafanya kazi. Ndoa yangu ilipovunjika nilikuja hapo kukaa siku chache, na hizo siku chache mpaka leo hazijaisha. Kazi yangu ni kuosha mapipa na matangi. Kazi ya wifi ni kuonja. Yeye ndiye anayeamua zabibu za shamba gani zivunwe lini, na pipa lipi liko sawa na lipi linaanza kuharibika. Kiwandani wanamwita Ulimi, ingawa kwa kuongea, ulimi nilipewa mimi na yeye akabakiziwa kipande.

Alianza kama mwosha chupa. Siku moja mzee aliyekuwa mwonjaji wakati ule alipitisha glasi kwa kila mtu, kila mtu akasifu, wifi akasema, "Mbona unanuka mpira?" Wakacheka. Kwenda kuangalia, wakakuta kuna mpira mpya wa kupitishia mvinyo, haukuoshwa vizuri. Yule mzee akamtoa kwenye chupa siku hiyo hiyo, akamfundisha mpaka alipostaafu.

Tangu hapo nyumba nzima tuliishi kwa sheria za pua yake. Kitunguu kibichi, marufuku msimu wa mavuno. Sabuni ya kunukia, marufuku. Manukato usiyataje. Siku moja nilijipaka kidogo tu, tone moja nyuma ya sikio, nikaingia chumba cha mapipa najiona mrembo. Alinifukuza kama kuku. "Wifi, toka! Unaniulia mvinyo na hilo duka lako la urembo!" Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Nilinuna, nikamwambia kaka aliona wanawake wote duniani akaenda kuoa pua. Lakini tulipendana, jamani. Ugomvi wa mawifi ukiwa mzuri una raha yake.

Sasa nieleze habari ya Kawia.

Kawia ni zabibu nyekundu, karibu nyeusi, ambayo kaka aliikuta kwenye kiwanja kilichotelekezwa, mzabibu mmoja umejiegemeza kwenye ukuta wa mawe. Mwaka huo jua lilikuwa limechoma kila kitu. Mizabibu yetu ya kawaida ilikuwa imekunja majani na vishada vimenyauka, na huu haujanyweshwa na mtu miaka na miaka, umesimama kijani. Zabibu hiyo ina jina lake la kigeni, refu, Bosi alilitafuta akalipata, na hakuna aliyeweza kulitamka bila kumtemea mwenzake mate. Kaka akakata vipandikizi, akamwomba Bosi ardhi. Bosi ni mwanamke, shamba alirithi kwa baba yake, hapendi maneno mengi. Akampa mteremko wa juu, wenye mawe, ambao hata magugu yaliukataa. Watu walimcheka sana kaka. Alipanda, akangoja, akapogoa, akangoja tena. Zabibu nyingine zote zilikuwa zinaiva, zile zake bado ngumu. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Kawia ufike." Jina likabaki hilo.

Mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya haraka. Wavunaji walikuwa wapo, malori yalikuwa yapo, zabibu ukizionja ni tamu, basi zikavunwa pamoja na nyingine. Kaka alisema ni mapema, lakini kaka alikuwa mpogoaji tu, na wifi msimu huo alikuwa kitandani na homa. Mvinyo wenyewe, ukiunywa, mdomo unakauka, ulimi unakwaruza, fizi zinajikunja kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Huo ndio ukakasi. Kidogo chake kinapendeza, mvinyo mwekundu usipokuwa nao unapwaya. Lakini ule ulizidi. Bosi alitema. Akasema, "Nawapa mwaka mmoja. Ukitoka hivi tena, nang'oa, napanda zile tunazozijua." Kaka akamwambia hewala. Akaenda kunoa mkasi, msimu wa kupogoa ukawa umeingia, na yaliyomkuta nimeshasema.

Kwa hiyo alituachia nini? Nyumba ya vyumba viwili na mteremko wa mawe wenye mwaka mmoja wa kujitetea. Watoto hawakujaliwa. Mizabibu ile ndiyo iliyokuwa inaendeleza jina lake.

Wifi alirudi kazini haraka, watu wakasema tena. Alikuwa anaamka, anaoga, anakunywa chai, anakwenda, anarudi, anakunja nguo. Ukimuuliza anajibu. Ukinyamaza ananyamaza. Nilijaribu kumchokoza, nikamwambia chumvi imezidi kwenye maharage yake wakati haikuzidi. Zamani angenipa la kunipa. Akasema, "Pole." Nilikasirika kuliko kama angenitukana.

Nikafanya utundu. Nilinunua mafuta ya nywele yenye harufu ya kuzindua maiti, nikajipaka kichwa kizima, nikapita chumba cha mapipa nimenyoosha shingo. Nilitaka anifukuze. Nilitamani afanye hivyo, haki ya Mungu. Aliniangalia, akasema, "Umeshaosha tangi la mwisho?" Nikasema bado. Akasema, "Haya." Nikatoka nje nikasimama juani na mafuta yangu yananitiririka usoni, na ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Haukupita muda nikatumwa kujazia mapipa. Pipa likikaa, mvinyo hupungua, usipojazia hewa inaingia na kuuharibu. Nikafungua pipa moja la pembeni, nikapigwa na siki puani mpaka machozi yakanitoka. Mvinyo ulikuwa umegeuka siki kabisa, hata mtoto mchanga angelia. Juu ya pipa palikuwa na alama ya chaki ya wifi, mpya, ya asubuhi ile: liko sawa, pita.

Nilifunga lile pipa nikaenda nyumbani. Alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Wifi," nikamwambia, "pipa la pembeni umelionja leo?"

"Nimelionja."

"Likoje?"

Akaendelea kumenya. Alimaliza kiazi kizima, akakiweka kwenye maji.

"Limekuwa siki?" akauliza.

"Siki ya kuoshea madirisha."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha. "Sisikii kitu, wifi. Tangu tulivyomzika. Niliamka asubuhi chai ikawa maji ya moto. Nikasema nimechoka, itarudi. Haijarudi. Nilikwenda zahanati wakanimulika pua na koo, wakasema nzima."

"Na hukuniambia!"

"Ungelia."

"Ndiyo, ningelia! Mtu akilia kwani anakufa?"

"Basi ndiyo maana sikukuambia," akasema. "Mimi nimekufa ganzi. Mguu ukifa ganzi unaupigapiga mpaka damu irudi. Huku ndani sijui pa kupiga."

Nililia kweli, kwa kelele, nikiwa nimechukua kisu chake cha viazi. Alinipokonya kile kisu taratibu akaendelea na viazi vyake.

Unafikiri tungefanya nini? Kama angemwambia Bosi, Bosi angemwonea huruma na kumpa kazi nyingine, na mteremko wa juu ungevunwa kama mwaka uliopita, pamoja na wenzake, siku ambayo malori yapo. Hakukuwa na mwingine wa kuutetea. Tukakubaliana. Kwenye mapipa, mimi nitakuwa pua yake. Nitapita mbele na ndoo yangu ya kuoshea, nikinusa kitu kibaya nakohoa. Nilikohoa msimu mzima. Mwendesha lori akanishauri nikapime kifua.

Shambani kulikuwa na shida zaidi, kwa sababu shambani huulizwi kama kitu kinanuka vibaya. Unaulizwa kinaonja nini.

"Tafuna," wifi ananiambia, tuko katikati ya mistari ya mizabibu ya kawaida. "Ikoje?"

"Tamu."

"Tamu ya nini?"

"Tamu ya utamu, wifi! Mimi nitajuaje? Sukari ni tamu, asali ni tamu, na hii ni tamu."

"Ya asali au ya sukari?"

"Ya zabibu!"

Zamani tungecheka tukafa. Yeye alisubiri tu nitulie, akaniuliza tena kwa maneno mengine, mpaka akapata alichokitaka. Sijui alikipataje kwenye mdomo wangu. Mashamba yote ya chini yalivunwa hivyo, kwa ulimi wangu na akili yake, na hayakuharibika.

Tulipopanda mteremko wa juu kwa mara ya kwanza msimu ule, jua lilikuwa kali kiasi kwamba mawe yalichoma kupitia soli. Kawia walikuwa wamesimama pale na majani yao mazima. Vishada vidogo, vyeusi, vimebana. Niliona jinsi kaka alivyokata matawi upande mmoja wa mteremko, na upande wa pili ambao wengine walimalizia, na nikageuza uso. Wifi alichuma punje, akatafuna, ganda na mbegu pamoja, kama anavyofanya siku zote.

Akasimama.

"Nini?" nikauliza. "Nyigu?"

 Alipitisha ulimi kwenye meno ya juu, kisha ya chini. Akachuma nyingine. "Kuna kitu," akasema.

"Kitu gani? Umesikia ladha?"

"Siyo ladha. Ukakasi. Unashika." Alijigusa shavu kwa nje. "Hapa. Nausikia hapa."

Ukifikiri utaelewa. Ukakasi hauonjwi, unaguswa, kama kitambaa chenye manyoya ukipitisha mkono. Pua yake ilikuwa imekufa na ulimi wake umekufa, lakini ngozi ya mdomo ilikuwa hai, na Kawia mbichi ndiye pekee aliyekuwa na makucha ya kuifikia. Mimi nilirukaruka pale juu ya mawe. Yeye alikula punje moja baada ya nyingine mpaka midomo ikawa myeusi.

Kuanzia hapo alikuwa anapanda mteremko kila siku. Kazi ikiisha, yuko juu. Anarudi na kishada kwenye mfuko wa aproni, anakaa mezani, anavunja mbegu kwa meno ya mbele na kuzitafuna polepole huku anaangalia ukuta. Hakuwa na furaha. Nisidanganye. Lakini alikuwa mahali fulani, na miezi yote ile hakuwa popote.

Bosi akaja. Alipanda mteremko mwenyewe na kofia yake ya majani, akatafuna, akapima sukari kwa kile kifaa chake. "Sukari imefika," akasema. "Hata imepita. Wavunaji wanahamia shamba lingine wiki hii. Tuvune."

"Bado," wifi akasema.

"Ulimi, ni tamu hizi."

"Ni tamu. Bado zinashika."

"Mimi nakuamini, lakini wavunaji siwezi kuwafunga kamba. Wakiondoka wameondoka."

"Waende. Tutavuna sisi."

"Sisi akina nani?" Bosi akauliza. Na mimi, niliyekuwa nimejikalia kwenye jiwe langu sina habari, nikaona macho mawili yamenigeukia. Bosi alitikisa kichwa. "Shauri yako. Lakini nilichosema kuhusu kung'oa hakijabadilika."

Wavunaji wakaondoka. Wifi kila siku akaonja, kila siku akasema bado. Punje zikaanza kulegea, chache zikaanza kusinyaa, ndege wakapata habari. Na mimi moyo ukaanza kunichemka. Niliona nilichokiona: mwanamke aliyepata kitu kimoja tu cha kuhisi, na kitu chenyewe kiko kwenye mti, na akikivuna kimeisha. Nani angevuna? Hata mimi ningesema bado mpaka mwisho wa dunia. Lakini mteremko ulikuwa wa kaka yangu, na kaka yangu alikuwa wangu kabla hajawa wake.

Nikamfuata juu, nikamkuta anatafuna, macho ameyafumba. Nikamwambia bila kuzunguka. "Wifi, sema kweli yako. Unangoja ziive, au unang'ang'ania? Kwa sababu kama unang'ang'ania, utampoteza kaka mara ya pili, na safari hii mimi nitakulaumu wewe."

Alifungua macho. Sikumwona kukasirika, na ningependa angekasirika.

"Ningekuwa nang'ang'ania," akasema, "ningevuna siku ile Bosi alipokuja."

"Hapo umeniacha."

"Ukakasi haubaki mtini, wifi. Unapungua. Kila nikipanda huku umepungua. Ile siku ya kwanza ulinishika mpaka masikioni. Jana ulikuwa hapa tu mbele ya meno." Alitema mbegu kwenye kiganja akaziangalia. "Ningevuna siku ile, ungeingia kwenye mvinyo wote. Ungekaa kwenye chupa miaka. Nikitaka kusikia kitu nafungua chupa. Watu wengine wangetema, na Bosi angeng'oa, na mimi ningekuwa na chupa zangu."

Nilikaa chini. 

"Kwa hiyo ukingoja..."

"Nikingoja, unaisha," akasema. "Ndivyo zabibu hii inavyoiva. Mume wangu alijua."

 Nilimshika pindo la gauni kama mtoto. Aliniacha nilishike.

Asubuhi moja hatukuwa tumefika hata katikati ya mteremko. Alichuma, akatafuna, akameza. Akachuma upande wa kivuli, akatafuna. Akachuma kutoka mti wa kaka wa mwisho, ule aliokuwa amemaliza kuupogoa kabla hajaenda kunoa mkasi. Nilikuwa namwangalia mdomo.

"Leo," akasema.

"Una hakika?"

"Sijasikia kitu."

Tukavuna. Mimi, yeye, mwendesha lori, waosha chupa, na Bosi mwenyewe na kofia yake, amekunja mikono ya shati. Mgongo wangu haujanisamehe hadi leo. Wifi alivuna kimya, kishada kwa kishada, mkasi ule ule wa kaka. Aliyekuwa anaimba alikuwa mwendesha lori, na aliimba vibaya. Jioni mteremko ulikuwa majani matupu, na wifi aliniuliza kama nimekumbuka kununua mkate.

Mvinyo ukachachuka, ukakamuliwa, ukaingia mapipani, ukakaa. Nilijazia mapipa yale kama mtu anayenyonyesha. Nilinusa, sikukohoa.

Siku Bosi alipokuja kuonja tulisimama wote chumba cha mapipa. Alivuta mvinyo kidogo kwa bomba la kioo, akaweka kwenye glasi, akanusa, akanywa. Hakutema. Akakaa juu ya kreti lililopinduliwa, akanywa tena, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Mteremko wa juu asiuguse mtu," akasema. "Na ule wa pembeni yake tusafishe, tupande hawa hawa." Mwendesha lori akampiga kila mtu kofi la mgongoni. Mimi nilionja, na kwa mara ya kwanza maishani nilielewa swali la tamu ya nini, ingawa jibu bado sikuwa nalo. Ulikuwa mwororo. Ulipita ulimini na kukaa, wala haukukwaruza popote.

Bosi akajaza glasi nyingine akampa wifi. "Haya, Ulimi. Wa kwako huu."

Waonjaji hutema, ndiyo kazi. Wifi alimeza. Alikaa na glasi ile mkononi muda, ameinamisha kichwa, na mimi nikajikuta nasali kimya kimya, nasali kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango anaojua watu wamo. Kitu kidogo tu, nikaomba. Ukucha mmoja.

"Ukoje?" nikamnong'oneza.

Alipitisha ulimi kwenye meno ya juu, kisha ya chini.

"Unachoma kidogo kooni," akasema, taratibu, mimi tu nisikie. "Mengine yote maji."

"Wifi..."

"Basi tulivuna siku yake," akasema.

Nililia pale pale mbele ya watu. Bosi alidhani ni furaha, akanipa leso yake, nami sikumsahihisha. Wifi aliinywa ile glasi mpaka mwisho. Kisha akaenda bombani akaiosha mwenyewe, akaifuta, akaiweka kwenye rafu pamoja na nyingine.